"Zaa, Utapona" Si Tiba

Ipo kauli iliyozoeleka mno katika zahanati, majumbani, na hata katika vyumba vya walimu: binti akilalamika kuwa hedhi humlaza kitandani, huambiwa ni chango, akizaa atapona. Kauli hiyo ni potofu, na wa kwanza kuikomesha hatuna budi kuwa sisi wenye kalamu na chaki.

Mara nyingine kinachofichwa na neno hilo ni endometriosisi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata asilimia 10 hivi ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba miaka 4 hadi 12 huweza kupita kabla ya kutambuliwa. Happiness Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliugua, akasimama hadharani kuyasema. Yeye alikuwa na jina na nauli. Mwenzake alimaye mpunga katika delta ya Rufiji hana.

Mimba huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu kwa kuwa hedhi hukatika. Kunyonyesha huweza kuirefusha. Hedhi ikirudi, maumivu nayo huweza kurudi. Basi waliomwambia azae huihesabu miezi ile ya utulivu kuwa ushahidi wao!

Wapo watakaouliza: Kibiti ina malaria, ina upungufu wa damu, ina wajawazito wanaosubiri maji yajae ndipo mtumbwi upite mikokoni, itapimaje maradhi ya mabingwa? Hoja hiyo ni ya uvivu. Hakuna anayedai mashine, wala hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kuwachunguza wajawazito wote. Kinachodaiwa ni maswali. Kabla ya mimba hii, hedhi ilikulaza? Tendo la ndoa huuma? Ulitafuta mtoto kwa muda gani? Majibu yaandikwe kwenye kadi. Na aliyejifungua kwa upasuaji, akirudi na uvimbe kovuni unaouma kila mwezi, asipewe dawa ya usaha na kufukuzwa. Tishu zile zile huweza kuota hapo. Apelekwe kwa daktari.

Linalokera zaidi huja baada ya uzazi. Mama huvuka maji kumleta mtoto kliniki. Mtoto hutundikwa kwenye mizani, kadi hujazwa, kisha husikika "mwingine!" Swali moja juu ya hedhi iliyorudi lingechukua muda mfupi kuliko kumvua mtoto nguo. Tena baadhi ya dawa za uzazi wa mpango zilizomo kabatini mle mle hupunguza maumivu hayo.

Mwalimu naye ana daftari la mahudhurio. Msichana anayekosa siku mbili tatu kila mwezi asiandikwe mtoro kabla hajaulizwa. Kwa upande wa zahanati, waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya unatosha, nao utafika vijiji vya delta kwa chombo kile kile kinachopeleka chanjo.