Mlanguzi wa Mirungi Hulishwa na Mnunuzi

Mzigo wowote utokao Same kwenda Moshi na Arusha kwa barabara kuu hauna budi kupita Lembeni. Jiografia hiyo imewafanya wengi, wakiwamo watumishi wa Serikali, waamini kwamba vita dhidi ya mirungi ni kazi ya kizuizi cha barabarani na ya panga basi. Lakini panga limekwisha kutumika. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda milima ya Same zaidi ya mara moja, Kata ya Tae ikiwamo, na miti imekatwa. Kilichosahauliwa ni tabia ya mti wenyewe: mrungi ukikatwa bila kung'olewa kisiki huchipua, na machipukizi machanga ndiyo hasa atakayo mlaji. Ukataji wa namna hiyo hauna tofauti kubwa na kupogolea.

Kung'oa mashamba ni lazima, na sheria ya mwaka 2015 haikuacha mwanya juu ya jambo hilo. Ubishi uko kwa wale wanaodhani kwamba kazi huishia hapo. Mkulima aliyeng'olewa mirungi leo atapanda tena kesho penye bonde lililofichika zaidi, maadamu yuko mtu huku chini anayemngoja na fedha mkononi.

Biashara hii ina udhaifu ambao biashara nyingine za magendo hazina. Nguvu ya mirungi imo katika kemikali iitwayo kathinoni, na kemikali hiyo huanza kupotea mara jani linapochumwa. Baada ya siku mbili hivi, kilichobaki hakimridhishi mlaji. Ndiyo maana majani hufungwa kwa migomba na kusafirishwa mbio usiku. Mlanguzi wa sukari aliweza kuficha magunia ghalani miezi mitatu akingoja bei ipande. Mlanguzi wa mirungi hana ghala. Ghala lake ni mashavu ya wateja, na wateja wakikosekana kwa siku mbili tu mtaji wake wote unaoza mikononi mwake. Ni vigumu kupata adui aliye mwepesi kuliko huyu kumnyima riziki, na bado silaha hiyo ndiyo inayotumika kwa uchache kuliko zote.

Nchi hii ina mfano wake yenyewe. Mwaka 1983 Serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wengi walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa. Kazi ile ilikuwa ya haki na wananchi waliishangilia. Lakini ulanguzi wa sabuni na khanga haukufia mahabusu. Ulinyauka pale bidhaa zilipoanza kujaa madukani, baada ya mwaka 1984 kuruhusiwa kuagiza kwa fedha binafsi, na mwananchi akawa hana haja tena ya kunong'ona mlango wa nyuma. Mlanguzi alikimbiwa na wateja. Bila shaka mirungi si sabuni, na dawa yake si kuijaza madukani. Ila somo ni lile lile, kwamba mteja akiondoka, mlanguzi hana kazi.

Mteja huyo ni nani? Ni dereva wa lori anayetakiwa afike kabla ya alfajiri na tajiri asiyetaka kumlipa dereva wa pili. Ni mlinzi wa usiku na kijana wa bodaboda. Ni mwanafunzi aliyedanganywa kwamba majani hufungua akili wakati wa mtihani, kumbe humnyima usingizi ambao ndio ungemsaidia kukumbuka. Na isifichwe: ni karani wa ofisi, na ni mwalimu, anayekemea mirungi gwarideni siku ya Jumatatu akiwa ameitafuna kijiweni Jumamosi. Watoto wanajua. Hotuba ya mtu huyo haina thamani hata ya chaki aliyoishika.

Hoja yao maarufu ni kwamba Kenya zao hilo ni halali. Ni kweli, na sheria ya huko inalitambua. Lakini watazame pia yaliyowapata wakulima wa Meru. Uholanzi ilipofunga mlango mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, kilio kilisikika Igembe ambako hapakukatwa hata tawi moja. Mwaka 2020 Somalia ikazuia ndege za miraa, ikazifungulia mwaka 2022; kilio kikarudi vile vile. Shingo ya biashara hii iko kwa mlaji, si kwenye shina la mti.

Hata kwa heroini, ambayo ni balaa kubwa zaidi, Tanzania haikutegemea pingu peke yake. Tangu mwaka 2011 Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waathirika. Kila mmoja anywaye dozi yake asubuhi na kwenda kazini ni mteja mmoja aliyeporwa mfanyabiashara wa unga. Mla mirungi hana dawa ya namna hiyo. Anahitaji ushauri, kazi yenye saa za kibinadamu na mahali pengine pa kukaa jioni.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwenda Same kuikataa kodi ya mbiru, na hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Leo wapo wajukuu wao ambao kila jioni humlipa mlanguzi kodi isiyo na stakabadhi, na hakuna anayeandamana. Ni ajabu kwa kabila ambalo watani wake huliimba kwa kubana senti.

Kamati ya Maendeleo ya Kata, Lembeni na kwingineko, imezoea kuuliza mashamba mangapi yameng'olewa huko juu. Na iulize pia ni walaji wangapi wameacha huku chini, nani aliwasaidia, na matajiri gani wa malori bado wanampeleka dereva mmoja usiku kucha. Afisa Kilimo naye aeleze lini mkulima wa mlimani atalipwa kahawa na tangawizi yake kwa wakati, kwani mirungi humlipa kila juma na kahawa humlipa kwa msimu. Na kabla ajenda haijafunguliwa, wajumbe wenye majani mfukoni wayatoe.