Mwenye jengo ni jiji lenyewe

Jengo lililoteketea usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, namba 80 mtaa wa Albert, Marshalltown, katikati ya Johannesburg, lilikuwa mali ya jiji. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo Wamalawi na Watanzania waliokwenda Sauzi kutafuta riziki. Ndani, vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na maboksi, na vifaa vya kuzimia moto havikuwepo. Kuna waliojirusha madirishani.

Moto haujapoa, baadhi ya viongozi wakaanza kuwanyooshea vidole wahamiaji na mashirika yanayowatetea wapangaji mahakamani. Tume ya jaji mstaafu Sisi Khampepe, iliyochunguza moto huo, haikukubaliana nao. Ripoti yake ya kwanza, ya Mei 2024, iliubebesha lawama uongozi wa jiji pamoja na kampuni yake inayosimamia majengo.

Wala si kwamba jiji halikujua wajibu wake. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Afrika Kusini kinakataza mtu kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, Mahakama ya Katiba ilienda mbali zaidi: hata anayekufukuza akiwa mmiliki binafsi, jiji linapaswa kukutafutia hifadhi ya muda usije ukalala barabarani.

Jiji likatii, kwa namna yake. Baadhi ya wakazi wa kesi hiyohiyo walipelekwa kwenye makazi ya Ekuthuleni. Huko wanaume walilala kwao na wanawake kwao, hata kama ni mke na mume. Asubuhi wote walitakiwa kutoka, wasirudi hadi jioni. Mlinzi wa usiku angelala saa ngapi? Wakazi wakarudi mahakamani, na mwaka 2017 wakashinda.

Mipango mizuri ipo, tusidanganyane. JOSHCO, kampuni ya nyumba ya jiji, inapangisha nyumba za bei nafuu. Tangu 2019 sera ya jiji inamtaka anayejenga nyumba 20 au zaidi atenge asilimia 30 kwa wenye kipato cha chini. Lakini nyumba za ruzuku zinataka uthibitisho wa kipato, na uwe raia au mkazi wa kudumu. Muuza nyanya wa mtaa wa Hillbrow hana hati ya mshahara. Ngazi ipo, ila kidato cha kwanza kimeng'olewa.

Jambo linalokera zaidi ni kwamba watu hao wanaokosa nyumba halali tayari wanalipa kodi. Katika majengo yaliyotekwa, kama lilivyokuwa lile la Marshalltown, wapangaji hutoa fedha kila mwezi kwa watu waliojipa uwenye nyumba, wasiotengeneza hata bomba la maji. Fedha hiyo ingeweza kumlipa msimamizi halali, fundi umeme na mzoa taka.

Kwa hiyo jiji lianze na majengo yake lenyewe, kabla ya kuzungumzia miradi mipya. Liyarekebishe moja baada ya jingine, liweke maji, vyoo, milango ya dharura na msimamizi anayejulikana kwa jina, kisha lipangishe chumba kimoja kimoja kwa kodi ndogo bila kudai hati ya mshahara. Baadhi ya manusura wa moto walihamishiwa kwenye vibanda vya mabati huko Denver, humohumo Johannesburg. Hayo si makazi, na madiwani wanalijua hilo.