WARAKA KWA WANACHAMA: SIKU 42 ZA MZAZI ZIINGIE KWENYE SHERIA

Kwa: Wakunga na wauguzi wanachama, Mkoa wa Dodoma
Kutoka: Katibu wa Tawi
Yah: Huduma kwa mama baada ya kujifungua

Ndugu wanachama,

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hongereni. Ila tusibweteke: kutokwa damu, kifafa cha mimba na maambukizi humfuata mama hata akisharuhusiwa. Mzazi wa Bahi au Chemba akipakiwa kwenye bodaboda na kichanga chake, tunamwona lini tena?

Sheria zipo, lakini zinambagua mkulima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 84, siku 100 akijifungua pacha, na hadi saa mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Marekebisho ya 2025 yamemwongezea muda mama wa mtoto njiti. Anayelima mtama au zabibu hayumo humo. Yeye anategemea msamaha wa gharama za uzazi, nao umesimama juu ya sera, si sheria. Vifaa vikiisha kituoni, anatumwa dukani kununua glavu, na hana kifungu cha kumtetea.

Kwa hiyo tunaombana mambo matatu:

1. Mzazi yeyote asitoke wodini bila tarehe ya kurudi kwenye kadi yake, na bila kuijua namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama.

2. Mama mwajiriwa aelezwe haki zake. Akinyimwa, aelekezwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

3. Rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) zijazwe kwa ukweli: waliorudi, wasiorudi, na vifaa vilivyokosekana. Jumla zake, bila majina, ndizo hoja yetu kwa wabunge.

Bunge liko hapa hapa Dodoma, na kamati zake hualika wadau kutoa maoni kuhusu miswada. Tukialikwa tusikose. Dai letu ni moja: huduma kwa mzazi hadi siku ya 42 baada ya kujifungua, pamoja na vifaa vyake, itajwe wazi kisheria, awe ameajiriwa au analima.

Kila kituo kilete takwimu zake kwa Katibu kabla ya mkutano ujao wa tawi. Atakayekuja mikono mitupu atakuwa amewanyima hoja mama wa kijiji chake.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi