Depo ya viazi haina haja ya kisanduku cha bei kali

Ndugu wanakoperative, siku hizi wanapita wauzaji na visanduku vya kuongoza feni ya depo ya viazi. Vina kioo, namba zinawaka, na vimefungwa pande zote. Mimi nasema, mbele komite itoe makuta ya wanamemba, tuulize kwanza kazi yenyewe ni gani.

Kazi ni moja tu. Feni izunguke wakati hewa ya inje iko na baridi kuliko viazi, isimame wakati iko na joto kuliko viazi. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa viazi vya baridi inaacha maji juu ya ganda, kisha vinaoza. Kwa hiyo hatuna lazima ya kujua ni digrii ngapi. Tunataka kujua upande gani una joto zaidi.

Ile kazi, opampu inaiweza. Ni kidude cha miguu nane, mafundi wengi wa radio wanakijua. LM358 ina opampu mbili ndani. Inalinganisha volti za miguu miwili: ule wa plus ukizidi ule wa minus, inatoa volti, na feni inawaka. Ukipungua, inazima.

Chukua temista mbili za kilo-om 10, zile ambazo ukinzani wake unapungua joto likipanda. Moja katikati ya viazi, ingine inje kwenye kivuli, siyo chini ya bati linalochomwa na jua. Kila moja inafuatana na rezista ya kilo-om 10, temista ikiwa upande wa plus ya batri. Volti ya katikati inapanda pamoja na joto. Ya ndani inaenda kwa mguu wa plus, ya inje kwa mguu wa minus.

Na hapa ndipo ninapokipenda kabisa. Batri ya plake ya jua haikai volti 12 siku zote. Ikishuka, volti za temista zote mbili zinashuka pamoja, na ulinganisho unabaki sawa.

Lakini joto la pande mbili likikaribiana, feni itawaka na kuzima ovyo mpaka rele ife. Rezista ya kilo-om 470 kutoka mguu wa kutokea kurudi kwa mguu wa plus inaleta nafasi ya karibu digrii moja. Opampu haina nguvu ya kuvuta rele peke yake, inaomba tranzista, na diode juu ya koili ya rele. Mbele ya kufunga, vika temista zote mbili plastiki, ziingize katika ndoo moja ya maji: volti zisipolingana, tafuta ingine.

Wengine watasema kisanduku kinapima unyevu pia. Ni kweli, na depo kubwa yenye mashini ya baridi inaweza kukihitaji. Yetu ya mbao na matofali, hapana. Kisanduku kikikufa wakati wa mavuno kitatumwa mjini, na viazi havingojei. Opampu ikikufa, unaichomoa kwenye kikalio chake, unaweka ingine mbele ya jua kuzama.

Kwa hiyo mradi ukituuliza tunataka nini, tujibu: mafunzo ya vijana wawili kwa kila depo, pamoja na fundi wa radio wa karibu, na mfuko wa vipande vya akiba.