SHALOM NDIYO, SALAAM HAPANA?

Leo nitawagusa pabaya kidogo, mnivumilie.

Kuna fundisho linazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, eti mtu aliyeokoka akijibu "wa aleikum salaam" ameingia agano na dini nyingine. Na anayelisambaza ndiye huyo huyo anayeanza kila ujumbe na "Shalom"! Mpendwa, shalom na salaam ni ndugu. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na maneno hayo mawili yana mzizi mmoja. Hata "salamu" na "salama" tumezipata kwa Kiarabu. Nazo utaziacha?

Soma Yohana 20. Bwana amefufuka, milango imefungwa kwa hofu, anaingia na kuwatakia wanafunzi amani. Mara tatu katika sura hiyo moja! Kwenye Biblia ya Kiarabu iliyochapishwa Beirut mwaka 1865, neno lililopo hapo ni salaam. Wakristo wa Misri na Lebanoni wanalitumia madhabahuni. Wao wamesilimu?

Najua mtu ataniletea 2 Yohana 10. Soma barua yote, ni fupi. Inazungumzia walimu wa uongo wanaomkana Kristo aliyekuja katika mwili, wanaotaka kukaribishwa wafundishe. Haimzungumzii jirani anayekuuzia sukari.

Mwingine atasema, "Mchungaji, hawa wametuua." Sikatai. Novemba 2014, Mandera, watu 28 waliuawa baada ya kutengwa na abiria wenzao kwenye basi kwa sababu hawakuwa Waislamu. Tulilia. Lakini Desemba 2015, Mandera hiyo hiyo, basi lingine lilivamiwa na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Huyo angekusalimu ungemgeuzia uso?

Na wewe unayemrushia kila mwenye kanzu "salaam aleikum" ukicheka na wenzako, hiyo ni dhihaka. Acha.

Katika Luka 10 Yesu anawatuma watu wake waingie nyumba za watu wasiowajua, na cha kwanza kutamka ni amani. Asipokuwepo wa kuipokea, inakurudia. Sasa unaogopa nini? Akikusalimu, mjibu vizuri, umuulize na watoto.

Jumatano jioni tunaendelea na sura hiyo. Njoo na Biblia ya karatasi, ya simu ina meseji nyingi.