TAHARIRI: Wakuu wa vyuo wawe na sauti, si hofu ya Ikulu

Hapa London, jirani na Tavistock Square, ipo Woburn House, yenye ofisi za Universities UK, jumuiya ya wakuu wa vyuo vikuu vya Uingereza. Ilianza mwaka 1918 kama kamati yao, ikabadili jina mwaka 2000, na leo ina wanachama wapatao 140.

Jumuiya hii haina mamlaka ya kukiamuru chuo chochote. Vyuo hutoa michango, wakuu hukutana na kushauriana, kisha huwaendea mawaziri kwa sauti moja. Sauti hiyo ina uzito kwa sababu mkuu wa chuo hapa huajiriwa na baraza la chuo chake. Waziri Mkuu hamteui wala hamfukuzi.

Hatusemi kwamba ni malaika. Mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo zaidi ya 60 waligoma baada ya jumuiya hiyo, kwa niaba ya waajiri, kutaka kuwaondolea uhakika wa kiasi cha pensheni yao. Lakini baadhi ya wakuu walijitokeza hadharani kutofautiana na wenzao, bila kuogopa kusikia redioni kwamba uteuzi wao umetenguliwa.

Nyumbani nako baraza lipo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikashika njia yake. Mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala. Kazi yake ni njema: kulinganisha viwango ili shahada ya Kampala iheshimiwe Mombasa na Mwanza.

Tatizo, ndugu msomaji, ni nani anayempa mkuu wa chuo kiti chake. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais na papo hapo Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1985. Moi alikuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma nchini Kenya hadi alipong'atuka mwaka 2002. Marais wa Kenya na Uganda wamekwisha kukiacha cheo hicho. Zanzibar, Rais bado ndiye mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa. Na Dar es Salaam, anayekiendesha chuo kila siku, yaani Makamu Mkuu, bado ni mteule wa Rais.

Mteule huyo atasema nini mikopo ya wanafunzi ikichelewa, au mhadhiri akiandamwa kwa makala aliyoandika? Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Wapo watakaosema serikali ndiyo inayolipa, kwa hiyo ichague. Sivyo. Inayolipa ni kodi ya mkulima, na fedha tunazotuma ndugu zenu wa ughaibuni kuwalipia wadogo zetu ada. Nafasi hizo zitangazwe, waombaji wasailiwe, na mabaraza ya vyuo yaajiri na kuwajibisha. Hapo ndipo wakuu wetu wakikutana watakuwa na la kusema, na serikali italazimika kusikiliza.