Siku za Kuloweka Muhogo Zisifupishwe



Kila mwaka mvua ikichelewa na bei ya mahindi ikipanda, maswali ya muhogo huongezeka katika ofisi za kilimo. Mnunuzi amesimama njiani na lori lake anataka makopa. Mwenye shamba ameng'oa muhogo jana, na anauliza kama makopa yake yaweza kuwa tayari kesho kutwa. Jibu langu ni hapana, hasa ikiwa muhogo wenyewe ni mchungu. Lakini mtu aliyeambiwa hapana bila ya kuelezwa sababu hulifuata shauri leo na kuliacha kesho. Kwa hiyo nataka kueleza sababu.

Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Karibu nacho, lakini katika chumba kingine cha chembe zile zile, mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Mfano wao ni kama njiti ya kiberiti na kisanduku chake: kila kimoja kikikaa peke yake hakuna moto. Muhogo ukikunwa, ukitwangwa, au ukilainika majini, kuta zile huvunjika na vitu hivi viwili hukutana. Hapo ndipo sumu iitwayo sianidi inapotokea. Sumu hii huzuia mwili usiitumie hewa tunayovuta, na mtu akiila nyingi aweza kufa kwa saa chache.

Lakini sianidi ina udhaifu wake. Huchemka na kuwa hewa kwa joto la digrii 26 hivi, na hilo ni joto la kawaida la mchana katika sehemu zetu za chini. Ikipewa nafasi, huruka ikaenda zake. Basi kazi ya mkulima si kuizuia isitokee. Kazi yake ni kuona kwamba imetokea yote na kuondoka yote kabla ya chakula kufika mdomoni. Ndiyo maana haifai kuchukua muhogo mchungu na kuutia chunguni vipande vikubwa, ukidhani moto utamaliza kila kitu. Moto hukiua kimeng'enya mapema, na linamarini hubaki. Mtu akiila, vijidudu vya tumboni humalizia kazi ile, na sumu hutokea ndani ya mwili wake.

Je, haya ni maneno ya vitabuni tu? Sivyo. Katika mwezi wa Septemba 2017, huko Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa, na karibu wote walikuwa wamekula unga wa muhogo. Kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya FAO na WHO ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga. Unga wa Kasese ulionekana kuwa na miligramu 88 kwa wastani.

Tena kuna madhara yasiyokuja kwa siku moja. Daktari Trolli aliandika mwaka 1938 habari za ugonjwa wa konzo katika Kongo, ambao hukaza miguu ghafula, na miguu hiyo hairudi tena kuwa kama zamani. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nao katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Migori. Pote huko ilikuwa njaa, muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, na chakula kisicho na kitoweo.

Kitoweo kina maana hapa. Mwili hujitetea kwa kuifunga sianidi na salfa, kisha huitoa pamoja na mkojo. Salfa hiyo hutoka katika maharagwe, kunde, samaki, mayai na maziwa. Alaye muhogo mtupu kwa miezi mingi hupungukiwa na kinga hiyo. Basi usiuze kunde zako zote ukabakiza muhogo peke yake kwa watoto.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kung'oa muhogo mchungu wote. Mimi sikubaliani nao. Nguruwe na nyani huuogopa, na hata mwizi hufikiri mara mbili. Wengine husema bibi zetu hawakujua linamarini na hawakufa. Kweli, hawakulijua jina, lakini walizijua siku. Walimenya, wakaloweka siku tatu au nne mpaka muhogo ukawa laini, wakaponda, wakaanika mpaka ukakauka kabisa. Siku hizo ndizo tunazozipunguza sasa kwa ajili ya lori. Tena katika skimu zetu tumekaa pamoja watu wa kila upande. Aliyekulia penye mahindi na viazi alipewa shamba na vijiti vya mbegu, lakini hakupewa bibi wa kumfundisha. Huyu na asione haya kumwuliza jirani, na jirani asingoje kuulizwa.

Usitegemee ulimi peke yake, kwa maana uchungu si kipimo cha hakika, na ukame huongeza sumu hata katika shamba ulilolizoea. Kama una wasiwasi na unga, iko njia iliyofundishwa na Profesa Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli, weka alama mahali ulipofika, kisha tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea mpaka urudi penye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha upike siku ile ile. Njia hii hupunguza sana sumu, lakini haiondoi haja ya kuloweka.

Sasa neno langu kwa kamati za vyama vya ushirika. Mkinunua makopa kwa uzito tu, mnamlipa sawa aliyengoja siku nne na aliyengoja siku moja, na mwenye haraka ndiye atakayepata faida. Bei ya namna hiyo inafundisha watu vibaya. Profesa huyo alitengeneza pia karatasi ya pikrati, ambayo ni ya manjano na hugeuka kuwa ya kahawia ikikutana na sianidi. Kipimo hicho hakihitaji maabara kubwa. Chama kinachoweza kununua mizani kiulize kwa Bwana Shamba jinsi ya kupata karatasi hizo, kipime kila mzigo, kimlipe zaidi mwenye muhogo safi, na kimrudishie mzigo wake aliyefanya haraka.

Lori likiondoka leo, jingine litakuja wiki ijayo. Mtoto aliyekazwa miguu na konzo hana wiki ijayo ya kuponea. Haya, wakulima, muhogo ni wenu na siku ni zenu. Zihesabuni zote.